Siku Nyumba Yetu Ilipokosa Ngazi

Ngazi ya nyumba yetu ya Mkoani ilivunjika chini ya mguu wa mtu mkubwa. Angetumbukia mmoja wetu, baba angepigilia ubao na mambo yangekwisha, maana ngazi ile ilikuwa imeoza tangu sijazaliwa, na sote wa nyumbani tulijua pa kukanyaga na pa kuruka. Mkono wa kushikia hatukuushika. Uliyumba kama jino la mtoto, na Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema kuwa mkono ule umewekwa kumsindikiza mtu akianguka.

Lakini aliyetumbukia alikuwa mgeni wa siasa kutoka Unguja. Zilikuwa zile zama za mwisho za Sultani, vyama vimepamba moto, na Pemba nzima watu wakipimana kwa vitu vidogo: nani kamkaribisha nani, kahawa kanywa wapi, kiti cha mbele kakalia nani. Baba alikuwa na mashamba ya karafuu na duka pale chini ya nyumba, na alihangaika sana mpaka mgeni yule akaletwa kwetu badala ya kwa jirani. Akampandisha kwenye sebule ya ghorofani, yeye mbele, mgeni nyuma, wazee wa baraza wakifuata. Katikati ya ngazi ubao ukasalimu amri. Mguu wa mgeni ukazama mpaka gotini, kiatu kikachopoka na kuangukia ghalani juu ya magunia. Baba akalazimika kumpita na kushuka kwenda kukitafuta kizani, na mgeni akabaki amekaa kwenye kidato na soksi yake, anatabasamu kwa adabu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Bibi alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu aliugua. Baba hakutokea barazani kwa muda, na alipotokea alisikia wachukuzi wa bandarini wakihadithiana habari ya kiatu. Alirudi nyumbani amekunja uso, akasema ngazi ile itang'olewa yote na kutengenezwa upya kwa mti wa mfenesi, na mikono ya kushikia ikerezwe na kupakwa vanishi, mpaka mtu akiingia akose la kusema. Mimi nilifurahi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, nimeshaanza kuzuiwa kutoka ovyo, na jambo lolote jipya ndani ya nyumba lilikuwa sikukuu kwangu.

Fundi aliletwa kutoka Shumba, kaskazini kabisa, kwa sababu wa Mkoani wote baba aliwaona wa kuunda vitanda tu. Alikuwa hodari, simnyimi haki yake, lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko sanduku lake la zana. Aliingia akiisifia kazi yake kabla hajalitua sanduku. Akagonga ubao huu, akanusa ule, akacheka, akasema aliyeijenga ngazi hii alikuwa na ugomvi na mwenye nyumba. Tambuu haikumtoka mdomoni. Nilimsikia yote haya kutoka juu, nimelala kifudifudi, sikio sakafuni.

Shauri la fundi lilikuwa avunje ngazi nusu nusu, upande mmoja ukitengenezwa upande mwingine upitike. Baba hakutaka. Nyumba yetu ilikuwa na wanawake juu, akasema, na fundi na wasaidizi wake watakuwa wanapanda na kushuka kutwa. Mlango unaweza kusahauliwa wazi, pazia linaweza kupepea. Ngazi ikiondoka yote mara moja, hakuna mwanamume atakayepanda kwa bahati mbaya wala mwanamke atakayeshuka kwa bahati mbaya. Alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. Fundi akamwambia, haya, nyumba yako bwana.

Mama yangu hakuwapo kulipinga hilo, alikuwa amekwenda kwao Msuka kujifungua. Juu tulibaki Bibi na mimi. Shangazi yangu, dada yake baba aliyeachika, alikuwa na chumba chake uani, na ndiye aliyepika. Bibi aliposikia mpango ule alimwita baba akamwomba jambo dogo. Alitaka, kwa muda wa kazi ile, ahamie kwa mdogo wake. Mdogo wake huyo, ambaye mimi nilimwita Bibi Mdogo, alikaa nyuma ya nyumba yetu hasa, ng'ambo ya kichochoro, katika nyumba ya makuti. Ukisimama dirisha la nyuma unaona paa lake, na moshi wa jiko lake unakuingia puani. Walikuwa wamebaki wawili tu katika watoto wa mama yao.

Baba alikataa. Alikataa kwa upole, na kwa upole hakuna mtu aliyemshinda. Akasema watu watasema nini, kwamba kamtoa mama yake nyumbani kwa ajili ya mbao, akamlaza kwenye makuti wakati ana ghorofa. Bibi akamjibu kuwa kwenye makuti ndiko alikomzaa yeye. Baba akacheka, akambusu mkono, na siku iliyofuata ngazi ikang'olewa.

Palipokuwa na ngazi pakabaki shimo la mraba sakafuni. Baba, kabla hajashuka kuhamia dukani, alikuwa ameweka kamba kulizunguka ili nisianguke. Chakula alikileta shangazi chini ya dirisha la nyuma, tukakivuta kwa kikapu na kamba, na maji kwa ndoo, na uchafu ukashuka kwa njia hiyo hiyo. Niliona raha kupita kiasi. Nilimwomba shangazi atie kitu chochote ndani ya kikapu, hata ndimu moja, ili nivute tu.

Bibi Mdogo naye alikuja siku za mwanzo akasimama kichochoroni na buibui lake, kichwa kakiinua, wakazungumza na dada yake pale dirishani. Walitaniana sana. Alimwita Bibi njiwa wa tunduni, akamtilia kisamvu kikapuni, akamwambia ale asije akasahau kutaga. Bibi akamjibu kuwa njiwa angalau anaruka. Ukiwasikia utadhani wasichana wanaochota maji kisimani.

Fundi, baada ya kuing'oa ngazi, aligundua kuwa mihimili miwili ya pembeni nayo imeliwa na mchwa. Akataka mbao nyingine. Mbao zikachelewa. Zilipofika, yeye hakuwapo, kwani mpunga wake wa Shumba ulikuwa tayari kuvunwa na mafundi wetu wote ni wakulima pia. Aliahidi kurudi kesho. Ukitaka kujua urefu wa kesho, ajiri seremala. Baba alimtumia watu kwa gari la shamba, wakarudi na salamu nyingi na fundi hakuna.

Katika siku hizo Bibi Mdogo aliacha kuja dirishani. Shangazi akatuambia ana homa. Bibi alituma mchaichai na mwarobaini kwa kikapu, akauliza hali kila shangazi alipopita. Kwanza majibu yalikuwa hajambo kidogo. Kisha yakawa ndiyo hivyo hivyo. Kisha shangazi akawa anajibu huku anaangalia pembeni. Kutoka dirishani tuliona wanawake wakiingia nyumba ile na kukawia kutoka, na moshi wa jikoni ukawa mkubwa kuliko wa mtu mmoja. Bibi hakuondoka tena dirishani. Aliswali hapo, akala hapo, kama alikula.

Siku fundi aliporudi kutoka Shumba, asubuhi, Bibi alinituma nimwite baba kupitia lile shimo. Baba alikuwa barazani na wazee wenzake, na fundi yuko ukumbini anapima mihimili yake. Bibi aliongea na baba kupitia kwangu, kwa sababu hakutaka fundi aisikie sauti yake, akasema anataka kushuka leo hii. Baba akamuuliza fundi vidato vitakuwa tayari lini. Fundi akasema leo mihimili, kesho kutwa vidato, akijaaliwa. Kisha, kwa ile sauti yake iliyozoea kushindana na msumeno, akatoa rai yake, na barazani wote wakaisikia.

"Kwani taabu ya nini, bwana? Ghalani mwako mna ngazi za kuchumia karafuu tele. Tuegemeze moja, bibi mkubwa ashuke kinyumenyume kama wachumaji, mie nimeikamata chini nimefumba macho. Akianguka ataniangukia mie, na mie nshazoea kuangukiwa na mabao."

Barazani wakacheka. Sidhani walicheka kwa ubaya. Fundi alikuwa mchekeshaji, na hakuna aliyejua vizuri hali ya mgonjwa. Mmoja akaongeza kuwa bibi atakuwa mchumaji wa kwanza kushuka bila pishi hata moja ya karafuu. Wakacheka tena. Nami, kutoka juu, nilimwona baba amesimama katikati ya ukumbi, shingo imemwiva, na nikajua kwamba anakisikia tena kile kiatu kinavyoanguka.

"Mama yangu si mchumaji wa karafuu," akasema.

Angeweza kuwatoa watu. Angeweza kumpa fundi ruhusa akanywe chai, akafunga mlango wa mbele, akaegemeza ngazi kwa mkono wake mwenyewe, na Bibi angekuwa kichochoroni kabla chai haijapoa. Nimeifikiria njia hiyo maisha yangu yote, na kila nikiifikiria naiona fupi zaidi. Baba hakuiona, au aliiona akaona na wale wazee wakihadithiana jioni jinsi mama yake alivyoteremshwa kama gunia. Alifunga ghala kwa kufuli, akautia ufunguo kiunoni, akamwambia fundi aache maneno afanye kazi.

Mchana, baraza lilipopungua kidogo na fundi amekwenda kuswali, Bibi mwenyewe alikuja ukingoni mwa shimo. Alikaa chini, miguu kaikunja pembeni, akamwita baba kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Baba akaja akasimama chini, uso kauinua. Nilikuwa nyuma ya Bibi, nimemshika kanga nikiogopa ataanguka.

"Mwanangu, mie sitaki makubwa," alisema. "Niegemezee hiyo ngazi ya shamba, nende nikatakane radhi na mwenzangu. Kisha n'takaa huko huko, ushushe mbao zako upandishe."

"Mama, vidato vinakuja. Utashuka kwa heshima yako."

"Heshima yangu n'taiona mie mwenyewe. Lete ngazi."

"Watu bado wapo barazani, mama."

"Wafukuze."

Baba akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mwenye kauli mbele za watu, na pale chini alisimama akichezea ule ufunguo kiunoni. Nilimtaka autoe. Nilimtaka kwa moyo wangu wote, nikamwombea kwa sura zote nilizozijua. Akasema, "Kesho, inshallah, mama," akaenda zake.

Bibi hakumwita tena. Alirudi dirishani akamwita shangazi, akampa ujumbe aupeleke ng'ambo: amwambie mdogo wake kuwa anamwomba radhi kwa kila lililopita tangu wadogo, na yeye kamsamehe kila kitu, na kilichomzuia ni ngazi. Shangazi akaenda. Alikawia. Aliporudi alisimama chini ya dirisha akilia, na Bibi akamwambia aseme alichoambiwa, asipunguze.

Shangazi alisema mgonjwa hakuyaelewa maneno ya ngazi. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Alichoshika ni kwamba dada yake yuko karibu na hakuja. Aliuliza kama dada yake kamkasirikia, na kama kuna neno alilomkosea siku zile za mizaha dirishani, basi amsamehe, alikuwa anatania tu.

Nilimwona Bibi akifumba macho. Akamwambia shangazi arudi mbio amwambie hapana, hapana, hakumkasirikia. Shangazi akarudi. Sijui kama maneno yale yalimkuta mtu wa kuyasikia. Alfajiri ya pili yake, kabla hatujamaliza kuswali, kilio kilipanda kutoka paa la makuti, na hatukuhitaji mtu wa kutupa habari.

Wale ndugu wawili walikuwa wameahidiana tangu ujana kwamba atakayebaki atamwosha mwenziwe. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Bibi Mdogo alikuwa na kovu la moto mgongoni ambalo hakutaka lionwe na yeyote ila dada yake. Wakamwosha wengine. Bibi alikuwa dirishani, akiangalia mashuka yaliyozungushiwa uani kule, akitaja kwa sauti ndogo kila hatua inayofuata, maji haya sasa, kafuri sasa, kama anayewaelekeza. Jeneza lilipita kichochoroni chini yetu. Baba alikuwa mbele kabisa, amelibeba begani, na hakuinua macho. Niliona aibu, na haikuwa ile ya kiatu cha mgeni. Niliona aibu kuwa mtoto wa nyumba ya ghorofa, kuwa na sakafu ya mbao chini ya miguu yangu.

Fundi ndiye niliyemwona amebadilika kupita wote. Hata tambuu hakutafuna siku ile. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, nyundo zikigonga wakati Kurani inasomwa matangani ng'ambo, mpaka mtu akatumwa kumwambia apumzike. Siku ya hitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu, ngazi ilikuwa imekamilika. Nikiri kuwa ilikuwa nzuri. Mfenesi ule ulikuwa wa manjano iliyoiva, vijiti vya ukingo vimekerezwa vyote sawasawa, na mkono wa kushikia ulikuwa laini mno hata nilipoupitisha kiganja sikuuhisi ubao. Harufu ya vanishi ilijaa nyumba nzima. Laiti ingekuwa mbaya.

Baada ya hitma baba alikuja na wazee wa baraza kumpa Bibi taazia, kisha apelekwe kwa wanawake wenzake kwenye msiba. Walisimama ukumbini chini, wamevaa kanzu na kofia, fundi naye nyuma yao amejibanza mlangoni na zana zake, tayari kurudi Shumba. Baba akasimama chini ya ngazi. Akamwita mama yake kwa sauti ya heshima, akamwambia njia iko tayari.

Bibi alikuwa amevaa buibui lake, ushungi kauvuta mpaka kwenye nyusi. Alifika ukingoni, akawaangalia wale wanaume wote mmoja mmoja, yeye ambaye miaka yote hakuwatokea. Kisha akageuka. Akawapa mgongo, akapiga magoti pale juu, akaushusha mguu mmoja nyuma ukipapasa kidato, kisha mwingine. Hakuugusa mkono wa kushikia. Viganja vyake vilishika ubao wa kidato kilicho mbele ya uso wake, akavihamisha kimoja kimoja, na hivyo akashuka, kinyumenyume, polepole, buibui likiburura, kisigino chake kilichopasuka kikionekana kila alipokinyoosha nyuma.

Niliwaona wazee wakifahamu. Ilianza kwa mmoja kuinamisha kichwa, kisha mwingine, hata yule aliyesema neno la pishi akageukia ukuta. Fundi alifumba macho. Hakuna aliyemwambia. Baba akapanda kidato kimoja akamnyooshea mikono, akamwambia, mama, mama, geuka, kuna mkono wa kushika. Bibi hakugeuka. Alishuka mpaka mguu wake ukagusa sakafu, akasimama, akakung'uta viganja, na hapo ndipo alipomtazama mwanawe.

"Hivi ndivyo ningalishuka," alisema. "Umeona kama si kazi?"

Akampita, akatoka kwenda kwenye msiba wa mdogo wake. Baba alibaki ameshika ule mkono mpya wa ngazi kwa mikono miwili. Wazee wakaanza kuaga kwa ishara. Toka siku ile mpaka alipokufa, Bibi hakuishuka ngazi ile kwa namna nyingine, wageni wawepo wasiwepo, na kila alipoanza kushuka baba alitafuta sababu ya kutoka nje. Hakumkataza. Wala yeye Bibi hakumsema tena kwa jambo lile, alimwombea dua na kumpakulia chakula kama kawaida.

Naandika haya nikiwa nimeshampita Bibi kwa umri, na baba nilimpenda, nataka lijulikane hilo. Lakini nikisema nimemsamehe nitakuwa naongea kwa niaba ya mtu aliyekuwa na homa ng'ambo ya kichochoro. Siku ile Bibi alipokwisha kutoka, baba aliinua uso akaniona juu, peke yangu, nikingoja zamu yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinipungia mkono nije, mwanangu, njoo. Nikasimama ukingoni mwa ile ngazi nzuri, naangalia chini, na sikujua nishuke kwa kumwelekea au kwa kumpa mgongo.